Afya ya Nyumbani: Damu Katika Mkojo

Walimu wanaofundisha karibu na mito, mabwawa na mashamba ya mpunga wanalijua jambo hili, ijapokuwa si wote walisemao. Mvulana wa miaka 10 au 12 huenda haja ndogo, na mwisho wa mkojo wake hutoka matone mekundu. Wenzake hawashangai, maana nao wana hali ile ile. Akimwambia baba yake, huenda akajibiwa kwamba hata baba alikuwa hivyo utotoni, na kwamba ni dalili ya mtoto kuwa mwanamume. Basi mtoto hunyamaza, na mwalimu naye hunyamaza, na jambo hupita.

Wasomaji wapenzi, safari hii twataka kulisema waziwazi. Damu katika mkojo wa mtoto si dalili ya utu uzima. Ni dalili ya jeraha ndani ya mwili, na kwa watoto wa nchi zetu, mara nyingi sana jeraha hilo hufanywa na mnyoo. Lakini ili neno hili lifahamike, yatupasa kwanza kuijua kazi ya mafigo na kibofu. Mtu asiyejua maji ya nyumba yake hutoka wapi na kwenda wapi, atajuaje mfereji umezibia wapi?

Mafigo ni mawili, nayo yamelala nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, yakikingwa kidogo na mbavu za chini. Aliyepata kuchinja mbuzi ameyaona. La mtu mzima lina urefu wa sentimita 11 hivi, kadiri ya ngumi, na umbo lake ni la haragwe. Ijapokuwa ni madogo, kila dakika hupita humo damu kadiri ya lita moja, nayo ni kama sehemu moja katika tano ya damu yote isukumwayo na moyo.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, yapata milioni moja. Watu wengi hudhani kwamba figo huokota taka katika damu, moja moja, na kuzitupa nje. Sivyo. Lafanya kama mama wa nyumba siku ya usafi mkubwa: hatafuti vumbi pembeni, bali hutoa kila kitu uani, viti na mikeka na vyungu, kisha hurudisha ndani vile avitakavyo, na kilichosalia uani ndicho taka. Vivyo hivyo vichujio hutoa katika damu maji, pamoja na chumvi na sukari na taka, lita 180 kwa siku moja, yaani madebe 9 ya lita 20. Halafu vijirija virefu vilivyounganika na vichujio hurudisha damuni karibu maji yote, na sukari, na chumvi kwa kipimo kinachofaa. Husalia lita moja na nusu hivi, na hiyo ndiyo mkojo. Chembe nyekundu za damu hazipiti katika kichujio kizima, kwa kuwa ni kubwa kuliko matundu yake. Ndiyo sababu mkojo wa mtu mwenye afya hauna wekundu wa damu.

Mafigo yana kazi nyingine pia, ambayo wengi hawaijui. Hutawala shinikizo la damu, tena hutoa homoni inayoamuru uboho wa mifupa kufanya chembe nyekundu. Kwa hiyo mtu ambaye mafigo yake yamekufa hupungukiwa damu hata akila vema.

Kutoka katika kila figo hushuka mrija mwembamba, urefu wake sentimita 25 hata 30. Mkojo hauanguki tu humo kama maji ya mvua katika mfereji wa bati. Mrija wenyewe huusukuma kidogo kidogo, kama koo lisukumavyo tonge. Mirija hiyo miwili huingia katika ukuta wa kibofu kwa mshazari, hata kibofu kikijaa, ukuta huikandamiza midomo yake na mkojo hauwezi kurudi juu. Tafadhali ishike habari ya midomo hiyo, tutaihitaji. Kibofu chenyewe ni mfuko wa nyama unaotanuka. Cha mtu mzima huweza kubeba mililita 400 hata 500, kisha hujikaza na kuutoa mkojo kwa njia moja, ambayo kwa mwanamume ina urefu wa sentimita 20 hivi, na kwa mwanamke sentimita 4 tu.

Sasa turudi kwa matone mekundu. Ugonjwa huo jina lake ni kichocho, nao ni wa kale sana. Mwaka 1910 tabibu Marc Armand Ruffer alichunguza maiti za Wamisri zilizohifadhiwa tangu miaka 3,000 hivi, akaona katika mafigo yao mayai ya mnyoo wa kichocho. Mnyoo mwenyewe aligunduliwa mwaka 1851 na tabibu kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali mjini Cairo. Hata hivyo kwa miaka zaidi ya 60 baadaye watu walibishana mnyoo huyu huingiaje mwilini. Wengi walidhani humezwa pamoja na maji ya kunywa. Ni mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, akifanya kazi huko huko Misri, alipoonyesha kwamba mnyoo hupita kwanza katika konokono wa majini, kisha huingia kwa ngozi ya mtu.

Safari yake ni hii. Mgonjwa akikojoa mtoni au bwawani, mayai hutoka pamoja na mkojo. Yakifika katika maji yasiyo ya chumvi huanguliwa, na kijidudu hutoka kuogelea, kikimtafuta konokono. Kisipompata kwa muda wa siku moja hivi hufa. Kikimpata, humwingia na kuongezeka ndani yake, na baada ya majuma kadhaa konokono yule huanza kutoa viluwiluwi, mamia kwa siku, vyenye mikia ya panda, vidogo hata macho hayavioni. Navyo maisha yao ni mafupi, siku moja hata mbili. Lakini kimoja kikigusa ngozi ya mtu, huacha mkia wake nje na kupenya ndani kwa dakika chache. Pengine mtu huwashwa kidogo. Pengine hasikii neno lo lote. Viluwiluwi vya kichocho hiki hutoka kwa wingi mchana wa jua kali, yaani saa ile ile watoto waipendayo kwa kuoga.

Vikiisha kuingia huchukuliwa na damu, hupita mapafuni na katika ini, hukua kuwa minyoo, kisha mume na mke hushikamana na kufanya makao katika mishipa midogo ya damu iliyozunguka kibofu. Urefu wao ni sentimita moja hata mbili. Kwa kawaida huishi hapo miaka 3 hata 5, na wengine zaidi sana, na mke hutaga mayai kila siku.

Anayetuharibu hasa si mnyoo, ni mayai yake. Kila yai lina mwiba mwishoni. Ili litoke nje lazima litoboe ukuta wa kibofu, na damu tuionayo ni ya matundu hayo. Lakini yapata nusu ya mayai hayatoki. Hukwama katika nyama, na mwili huyazungushia kovu, kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka. Kibofu kilichokuwa laini hugeuka kuwa kigumu kama kibuyu. Hata picha za eksirei zimeonyesha vibofu vilivyoingiwa na chokaa ukutani. Kibofu cha namna hiyo hakitanuki, na mwenyewe huenda haja mara kwa mara, usiku na mchana, kwa uchungu.

Na ile midomo ya mirija? Nayo hupata makovu. Ikibanwa, mkojo hushindwa kushuka. Mirija hutanuka, figo hujaa maji, na nyama yake hukonda polepole mpaka halichuji tena. Mengi ya haya hufanyika bila maumivu makubwa. Hapo ndipo tunapomjibu baba yule asemaye kwamba yeye naye alikojoa damu na leo ni mzima. Huenda kweli damu ilikoma, maana mtu akikua huacha kuoga bwawani kila siku, na minyoo huzeeka na kufa. Lakini damu kukoma ni jambo moja na mirija kuwa wazi ni jambo lingine. Makovu ya zamani hayatoki kwa kusahauliwa. Tena kwa watu wengine, baada ya miaka mingi, kibofu kilichojeruhiwa hivyo huota saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimwandika mnyoo huyu katika orodha ya visababishi vya hakika vya ugonjwa huo.

Mpaka hapa tumesema habari za wavulana, kwa sababu damu yao huonekana. Wasichana nao huteka maji, hufua nguo mtoni, hupanda mpunga wakiwa ndani ya maji hata magotini. Kwao mayai hukwama pia katika shingo ya uzazi na katika uke. Huleta vidonda, damu isiyo ya mwezi, usaha na maumivu, na wengine huwa tasa. Wapo waliochunguzwa kwa haraka wakaambiwa wana ugonjwa wa zinaa, na binti asiyemjua mwanamume akashukiwa na wazazi wake kwa ajili ya yai la mnyoo. Mama akiona binti yake ana dalili hizo, naye amekulia karibu na maji ya kichocho, na amweleze mganga wa hospitali habari ya maji hayo, bila kungoja kuulizwa.

Kichocho cha mkojo kiko Unguja na Pemba, kiko pwani ya Kenya katika nchi za Kwale na Kilifi, na huko Usukumani penye mabwawa na mashamba ya mpunga. Katika Ziwa Victoria lenyewe yuko ndugu yake, kichocho cha tumbo, ambaye mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Huyo ana habari zake mwenyewe, hatumsemi leo. Unguja na Pemba ulianzishwa mpango mkubwa mwaka 2012 wa kutoa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika shehia nyingine kuua konokono na kuwafundisha watoto michezo na njia nyingine za kukaa mbali na maji mabaya. Ugonjwa ulipungua sana, walakini haukukoma.

Mwenye kutaka kupimwa achukue mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Na matone ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi. Hospitalini huyatafuta kwa hadubini. Kuna pia kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo na kugeuka rangi ikiwa mna damu, hata ile isiyoonekana kwa macho. Basi mtoto wa mahali penye kichocho asingojewe mpaka mkojo uwe mwekundu.

Zamani dawa yenyewe ilikuwa adhabu. Mwaka 1918, huko Khartoum, daktari J. B. Christopherson alitangaza kwamba sindano za antimoni humwua mnyoo. Ilikuwa habari njema, lakini sindano zilipigwa katika mshipa, mara nyingi, kwa majuma kadhaa. Ziliwatapisha watu, na wengine ziliwadhuru moyo. Si ajabu wagonjwa walikimbia kabla ya kumaliza. Leo dawa ni prazikwanteli, vidonge vya kumeza kwa siku moja tu. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, hivyo mtoto wa kilo 30 humeza vidonge 2 vya miligramu 600. Shuleni, pasipo mizani, hutumia ufito wenye alama na kumpima mtoto kwa urefu wake.

Mzazi na ajue mambo mawili. La kwanza, mtoto ale kabla ya kumeza. Dawa ni chungu, na mtoto mwenye njaa huumwa tumbo, hupata kizunguzungu, pengine hutapika. Dalili hizi hupita siku hiyo hiyo. Wako wazazi wanaowaficha watoto siku ya dawa kwa sababu wameona mtoto wa jirani akitapika. Uji wa asubuhi ungaliondoa nusu ya hofu yao. La pili, dawa humwua mnyoo mkubwa, haimwui sana aliye mchanga, wala haizuii mwingine kuingia kesho. Kwa hiyo hurudiwa kadiri waganga wanavyoagiza. Lakini mtoto akitibiwa mapema, ukuta wa kibofu hupona kwa sehemu kubwa katika miezi michache, na mirija huweza kufunguka. Huu ndio wakati usiopasa kupotezwa, maana akisha kuwa mtu mzima mwenye makovu magumu, vidonge huua minyoo tu, na makovu husalia.

Kumwambia mtoto asiende mtoni, na nyumbani hakuna maji, ni maneno matupu. Yafaa kumpa lililowezekana. Maji ya mtoni yakitekwa na kuwekwa katika pipa kwa siku mbili, pasipo konokono ndani yake, viluwiluwi hufa na maji hufaa kwa kuoga. Maji ya bahari hayana kichocho. Kufua juu ya jiwe ukingoni ni afadhali kuliko kusimama majini. Nao wavulana wafundishwe kutokojoa katika maji wanayoogelea. Mkojo wa mmoja akiwa mgonjwa hutosha kuwalisha konokono wa bwawa zima. Shule yenye choo kizuri, ambacho watoto hawakiogopi, hufanya kazi kubwa kuliko mahubiri kumi juu ya jambo hili.

Si kila damu ni kichocho. Mtu wa makamo au mzee, naye hajapata kuingia katika maji hayo, akiona damu pasipo maumivu, asijinunulie dawa dukani, bali aende hospitali upesi, maana huenda ni uvimbe wa kibofu au wa figo. Mwenye jiwe katika figo naye hutoka damu, lakini huyo hahitaji kuonywa. Maumivu hushika ubavuni na kushuka mpaka kinenani, hata mtu mwenye nguvu hugaagaa chini. Wafanyao kazi juani na wanywe maji mengi, kwa kuwa mkojo mzito ndio hufanya mawe.

Tulisema njia ya mwanamke ni sentimita 4 tu. Kwa ajili ya ufupi huo bakteria wa utumbo hufika kibofuni kwa urahisi, na wanawake wengi huugua: mkojo huwaka, hutoka kidogo kidogo, hunuka. Siku hizi kila homa na kila maumivu ya kiuno huitwa UTI, na dawa hununuliwa bila kupimwa. Hivyo bakteria huizoea dawa, na siku inapohitajiwa kweli haifai kitu. Apimwe kwanza, kisha aimalize dawa aliyopewa. Mama mwenye mimba asichelewe hata kidogo, na mtu ye yote akipata homa kali, kutetemeka na maumivu ya mgongo upande mmoja, ajue bakteria wamepanda mpaka figo.

Mzee anayesimama muda mrefu chooni na mkojo ukatoka kwa matone, pengine tezi dume imekua ikaibana njia. Naye huona haya kusema, na mkewe au mwanawe ndiye awezaye kumsemea.

Adui wawili wakubwa wa mafigo ya watu wazima ni ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu. Wote wawili huharibu vile vichujio kimya kimya. Na kwa kuwa mtu aweza kuishi kwa figo moja, hasikii upungufu mpaka sehemu kubwa imekwisha haribika. Mwenye mojawapo ya magonjwa hayo apimwe mkojo na damu angaa mara moja kwa mwaka. Asizoee kumeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kila siku. Vinauma figo lililokwisha choka.

Neno moja limesalia kwa akina mama. Mtoto aliyeugua koo, au aliyekuwa na vidonda vya upele, baada ya juma moja hata matatu huweza kuamka uso umevimba, hasa chini ya macho, na mkojo wake mchache na mweusi kama chai ya rangi. Hiki si kichocho. Ni vichujio vyenyewe vilivyowaka. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mkojo wake wa asubuhi katika chupa safi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kichocho cha tumbo na wavuvi wa ziwani.